Kupe Aliyevuka Mia

Jioni ile nilifunga cherehani mapema nikaenda kununua rolex tatu, zile chapati za kukunjwa na mayai, pale kona, kando ya barabara ya Ggaba. Moja yangu, mbili za mdogo wangu Gradi. Mkaangaji akaniuliza kama nimepata wageni. Nikamwambia hapana, nina mtu mmoja tu nyumbani, ila siku hizi anakula kama kijiji kizima na bado anakonda. Akacheka, akaniongezea yai la bure kwenye chapati ya Gradi. Mimi sikucheka.

Naitwa Blandine. Ni fundi wa nguo, Mkongo wa Uvira, na hapa Kansanga nina mwaka wa tisa. Gradi na mimi ni tumbo moja; mimi ndiye mkubwa, ananiita Yaya. Ana miaka ishirini na miwili, na tangu mama yetu afariki hana mwingine duniani ila mimi, wala mimi sina mwingine ila yeye. Alikuwa kijana mnene, unene ule wa kucheka na kutikisika. Wiki mbili nyuma kiuno chake kilikuwa sentimita tisini na sita. Jioni ile suruali yake aliishikilia kwa kamba ya kiatu.

Ninachosimulia kinanitia kichefuchefu hadi leo. Kama unakula, maliza kwanza.

Tunakaa chumba kimoja nyuma ya duka langu, na pazia katikati. Nilipofungua mlango harufu ikanipiga usoni. Zizi. Samadi mbichi, nywele za ng'ombe zilizoloa, na chini yake kitu kingine... damu iliyokaa juani. Sisi hatufugi hata kuku.

"Nani amekanyaga nini humu ndani?" niliuliza.

Gradi na rafiki yake Ocaya walikuwa wameinama mbele ya kompyuta. Huyu Ocaya ni mtoto wa afande, baba yake ni polisi kutoka Gulu, naye amekulia kambini. Ni kijana mwenye akili za ajabu, ametengeneza gemu yake mwenyewe kwa miaka miwili. Ndani ya gemu kuna nchi ya milima, ina wafalme, mizimu, majitu, na watu wadogo wanaoishi bila kuamriwa na mtu. Wanalima, wanaoa, wanaugua, wanakufa. Yeye na Gradi wanabadilisha namba, kisha wanakaa kutazama.

Mwezi ule walikuwa wanajaribu ukubwa wa wadudu. Walitaka kujua mdudu anaweza kufika wapi kabla nchi yao haijaharibika. Walianza na nzi. Walipomfikisha ukubwa wa kuku akashindwa kupita madirishani, akafa njaa nje ya nyumba za watu. Wakaja na chawa wa ukubwa wa mbuzi, akamwangusha mwenye kichwa siku ya kwanza. Walikuwa wanacheka hadi wanalala chini. Niliwaambia wanatia kinyaa, nao wakacheka zaidi.

Ili wasipotee kwenye namba zao, walihitaji mtu wa mfano, wa kulinganishia viumbe wote. Gradi akajitolea. Aliniomba futi yangu ya kitambaa, ile ninayoivaa shingoni, nami nikampima kiuno nikiwa nimeuma pini. Tisini na sita. Ocaya akaandika. Kisha Gradi, kwa ule ujinga wake, akasema sasa watengeneze kupe wa ukubwa wake yeye, kiuno kwa kiuno.

"Sister, karibu," Ocaya alisema jioni ile bila kugeuka. "Njoo ona. Huyu mdogo wako anaharibu kazi yangu."

"Mi sikugusa kitu!" Gradi alisema. "Yaya, mwambie. Yeye njo anaongeza usiku kwao, halafu anakuja kusema ni mi."

"Mimi hapana ongeza. Mimi naweka mwisho mia moja. Mdudu hakuna hapa anapita mia. Sasa hii ni nini?"

Nikaangalia. Katikati ya kile kijiji chao alikuwapo yule kupe, wa kijivu, amevimba kama mbegu kubwa ya mbono. Miguu yake ilikuwa midogo, haigusi chini tena. Watu wadogo walikuwa wamehama upande ule wote. Ngozi yake ilivutika, ikalegea, ikavutika... kama kitu kinachomeza. Chini yake palikuwa na namba.

108.

"Kesho itapita mia na kumi," Gradi alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Kila siku inaongezeka. Na mi..."

Aliinua shati.

Nimeona miili mingi kwenye kazi yangu. Mwili wa mtu haunishtui. Lakini pale niligeuza uso kwanza. Kuzunguka kiuno chake chote palikuwa na mstari wa vidonda vidogo vyeusi, kimoja baada ya kimoja, vimepangwa sawasawa. Kati ya kimoja na kingine ilikuwa sentimita moja. Jicho langu halikosei sentimita. Baadhi vilikuwa vikavu, na vingine vilikuwa na unyevu uliong'aa.

"Vinauma?"

"Hapana. Vinawasha. Usiku vinakuwa kama... kama kitu iko inanyonya."

Nikaivua futi shingoni nimpime. Ni mkono wa mazoea tu, fundi akiogopa anapima. Nikamzungushia. Themanini na nne. Nikahesabu kichwani, wala si hesabu ngumu. Gradi amepungua kumi na mbili. Kupe ameongezeka kumi na mbili.

Ndipo nikahisi futi mikononi mwangu. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu pia, laini kuliko kitambaa, nene kidogo katikati. Ikanibana vidole kama ufizi wa mtoto asiye na meno.

"Sister..." Ocaya alinong'ona. "Banange. Sister, angalia."

109.

Niliirusha futi chini. Gradi akakaa sakafuni, na kamba yake ya kiatu ikafunguka yenyewe.

Ocaya aliifuta ile namba. Akamfuta kupe mzima. Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Nchi ikafunguka, milima, wafalme, watu wadogo. Na yule kupe palepale, 109. Ocaya ni Mkristo wa kupiga magoti, lakini usiku ule aliondoka bila kuaga na bila kompyuta yake. Alisema atairudia mchana, mchana wa saa sita hivi, akiwa na mtu.

Mimi niliiokota futi kwa koleo la mkaa, nikaifungia ndani ya droo ya cherehani. Sikuichoma. Mtu mwingine angeichoma palepale, nami nikajua kwa nini sikuweza. Kwa hiyo sasa lazima niseme nilichofanya.

Futi ile ilikuwa ya mama. Alishonea nguo Uvira miaka ishirini na sita. Tulipokimbia alikuja nayo shingoni, hakubeba hata sufuria. Ndiye aliyenifundisha kazi, na akanifundisha mwiko mmoja wa fundi: futi iliyopima maiti hairudi shingoni. Unaikunja, unaiweka kwenye mfuko wa koti la marehemu, anaondoka nayo. Anayepimwa mara ya mwisho anaenda na kipimo chake.

Siku tatu kabla Gradi hajapimwa, niliitwa kumshonea suti ya mazishi Mzee Emile. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kwetu, mtu mkubwa kweli. Enzi zake akikaa kwenye benchi la duka langu wengine wanasimama. Ugonjwa ulimla miaka miwili hadi akawa kama fimbo. Nilimpima akiwa amelala, nikashona, nikamvalisha. Ulipofika wakati wa kuweka futi mfukoni, mjane wake, aliyekuwa ameniomba nisiisahau, alikuwa amegeuka upande wa pili analia... nami nikatia futi nyingine. Nilikuwa na moja kuukuu, imekatika namba za mwanzo, nilikuwa naifungia vitambaa. Nikajiambia mfu hasomi namba. Nikajiambia mama angeelewa. Nilimdanganya maiti ili nisiachane na kitambaa, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usiku ule sikulala. Nilikaa karibu na Gradi nikisikiliza droo, na droo ilinyamaza. Asubuhi niliamini tumepona.

Lakini deni la maiti lilibaki, kwa hiyo saa nne nilichukua daftari langu la vipimo na boda hadi Kibuli, anakoishi yule mjane, Mama Celestine. Ana chumba chini ya kilima. Nilimkuta anapanga nguo za marehemu. Nilipiga magoti mlangoni kabla ya kusalimia.

Hakuuliza ninaumwa nini. Alinitazama shingo.

"Blandine, mwanangu. Ile futi uliitia mu mfuko?"

"Nilitia nyingine, mama."

Nilitamani anitukane. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuomba kitu moja tu," alisema. "Moja."

Kisha akanionyesha koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Nililijua. Nilikuwa nimelishona mimi, miaka mitatu nyuma, harusi ya binti yao, Mzee Emile akiwa bado na mwili wake. Lilijaza mlango mzima.

"Wakati wa ugonjwa alikuwa analivaa kila jioni," Mama Celestine alisema. "Anakaa pale kitandani. Anaingiza mkono hapa, kati ya koti na tumbo, kwenye ile nafasi. Anapapasa. Ananiambia, 'Celestine, hapa palikuwa na mimi. Nani amenichukua?' Hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa na hasira. Aliniapia siku ya mwisho kama hataenda nusu."

Nilifungua daftari. Fundi mzuri hatupi vipimo vya mteja. Ukurasa wa Emile ulikuwapo, mwandiko wangu mwenyewe, kalamu ya buluu. Kiuno: 142.

Nikahesabu nikiwa bado nimepiga magoti. Tisini na sita kufika mia na arobaini na mbili ni arobaini na sita. Ukitoa arobaini na sita kwa Gradi wangu, anabaki na hamsini. Hamsini ni kiuno cha sare ya mtoto wa darasa la pili. Mwanaume mzima hawezi kuwa na hamsini akawa anapumua.

"Ataacha akifika hapo?" niliuliza.

"Emile hakuwa mwizi," alisema mjane. "Chake ni chake. Akipata chake anaacha. Lakini kwa nini kupe, mi sijui. Hiyo usiniulize. Alitoa kupe mingi kwa ng'ombe zake, anazipasua kwa kidole, anacheka. Labda ni bule tu, haina sababu. Ilete ile futi kesho, tumpelekee."

"Kwa nini si leo?"

"Leo ni jioni tayari, mwanangu. Mu makaburi hatuingii jua likishuka."

Nilikuwa nimekaa pale siku nzima bila kujua. Kilima chote cha Kibuli kilikuwa kimeingia rangi ya chai, na adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Nilimwambia wa boda akimbize.

Harufu ilinipokea nikiwa bado dukani. Ilikuwa nzito, ya kumeza. Droo ya cherehani ilikuwa wazi. Kufuli lake lilikuwa limefungwa, mbao ndizo zilizoachia. Tundu lilikuwa dogo, lenye ute ukingoni.

"Gradi?"

Kisha nikasikia. Nyuma ya pazia.

Fyu... fyu... fyu...

Ni sauti ya mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa. Nikavuta pazia.

Gradi alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi, midomo imekauka. Shati lilikuwa limepanda. Futi ya mama ilikuwa imemzunguka kiunoni, namba zikiwa juu. Haikuwa kitambaa tena. Ilikuwa imevimba kama utumbo wa mbuzi kabla haujaoshwa, ya kijivu, inang'aa. Uvimbe ulikuwa unapita ndani yake polepole, kutoka upande wa Gradi kuelekea kwenye ncha iliyoning'inia, kama panya ndani ya nyoka. Ncha ile ilikuwa imeelekea kwenye kompyuta ya Ocaya. Kompyuta ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimeichomoa kwa mkono wangu asubuhi.

Kupe alikuwa amejaza kioo chote. Sikuona milima. Ngozi tu, na mishipa, na namba.

129.

"Yaya," Gradi alinong'ona. "Toa. Toa hii kitu. Mi nimechoka."

Niliishika nikavuta. Akapiga yowe ambalo sitalisahau, na ngozi yake ikaja na futi, imevutika kama tambi. Nikaachia. Nikachukua mkasi wangu mkubwa, nikakata. Mkasi uliingia kidogo tu, ikatoka damu nyeusi nzito yenye vipande, ikanirukia mdomoni. Nikatapika palepale juu ya viatu vyangu. Gradi alikuwa analia kwa sauti ndogo ya kitoto, na nikaelewa kwamba damu ile haikuwa ya futi. Ilikuwa yake.

130.

Nikasoma namba iliyokuwa kiunoni mwake. Sitini na mbili.

Nilikaa kitandani. Nataka nieleweke vizuri, sikuwa shujaa. Nilikuwa mtu wa kinyaa, mtu ambaye hata kamasi la mtoto humpa shida. Lakini hesabu haikuwa na huruma na mimi. Ilibaki kumi na mbili. Kumi na mbili za Gradi zingemfikisha hamsini. Futi ya fundi ina urefu wa mia na hamsini. Sitini na mbili zilikuwa kwake, zilizobaki ni themanini na nane. Na kiuno changu, tangu nizae na kumzika mtoto wangu kule Uvira, ni themanini na nane. Haijapanda wala haijashuka.

Niliinua blauzi. Nikalala ubavu kwa ubavu na mdogo wangu, nikaishika ile ncha ya kijivu. Iligeuka yenyewe kwenye kiganja changu, ikinusa. Nikaizungusha kiunoni kwangu.

"Mzee Emile," nilisema. "Kosa ni langu. Maliza kwangu."

Kwanza baridi. Kisha vinywa vikaingia kimoja kimoja, vidogo, kuzunguka tumbo lote hadi mgongoni, themanini na nane. Gradi alikuwa amesema kweli, haviumi. Vinawasha. Kisha vikaanza kunyonya vyote kwa pamoja, na nikahisi kitu changu kinaondoka. Haikuwa damu peke yake. Ilikuwa ni ile nafasi ninayoichukua duniani. Nilihisi godoro linainuka chini yangu kwa sababu nilikuwa nakuwa mwepesi.

131. 132. 133.

Niliuma mto. Harufu ya ng'ombe ilikuwa ndani ya mdomo wangu sasa.

136.

"Yaya, acha," Gradi alisema. "Tafazali, Yaya."

139.

Nilimwomba mama. Nilimwambia anisamehe futi.

141...

142.

Sauti ikakoma.

Kwenye kioo, kupe aliacha kuvuta ngozi. Alitulia, ameshiba. Kisha taratibu akageuka, kitu ambacho Ocaya anaapa kwamba hakumwandikia kukifanya, akatuonyesha upande wa tumbo lake. Tumbo lilikuwa na mshono katikati, kutoka juu hadi chini, na vifungo vitatu. Ni mimi peke yangu niliyejua vile vifungo, vya koti la Mzee Emile. Kompyuta ikazima.

Futi ikatuachia sote wawili. Ikaanguka sakafuni, imelegea, kitambaa cha njano chenye namba nyekundu. Ilikuwa safi kuliko siku mama aliponiachia.

Kesho yake, Jumamosi, mchana mweupe, tulikwenda makaburini watu wanne. Gradi tulimshikilia, mimi upande huu, Ocaya upande ule. Mama Celestine alibeba jembe. Alichimba mwenyewe, kina cha mkono hadi kiwiko, hakutaka kusaidiwa. Nilikunja futi ya mama kwa namna aliyonifundisha, duara dogo, ncha ndani. Niliibusu. Nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo tukalifukia.

"Sasa uko nayo," mjane aliliambia kaburi. "Njo hii, ndiyo ya kweli. Lala."

Ocaya alisema tangu asubuhi amefuta kila kitu, nchi nzima, na wafalme wake. Miaka miwili ya kazi. Hakulalamika. Alisema tu, "Hii dunia yetu inatosha, sister. Mimi hapana taka ingine." Tukarudi Kansanga, nikapika uji mzito wenye karanga. Gradi alikunywa vikombe vinne. Jioni nikampima na futi mpya ya dukani, ya plastiki, isiyo na historia. Sitini na mbili. Mimi sabini na sita. Haikupanda, lakini haikushuka. Tulilala bila harufu. Nililia kwa furaha hadi mto ukaloa.

Jana ilikuwa Jumapili. Niliamka mapema kurekebisha suruali za Gradi, maana zote zilikuwa kubwa, na yeye ni mwimbaji wa kwaya, hawezi kwenda kanisani amejifunga kamba. Nilifungua daftari la vipimo niandike namba yake mpya. Likafunguka kwenye ukurasa wa Emile.

Sikuwa nimeusoma ukurasa ule wote. Kule Kibuli, nimepiga magoti, nilitafuta kiuno nikapata kiuno. Sasa nilikuwa na chai mkononi na jua dirishani, na jicho likashuka taratibu. Suti ya harusi haishonwi kwa kipimo kimoja. Mama alinifundisha vipimo tisa, na mimi silipui kazi. Kiuno: 142. Chini yake kulikuwa na mistari minane. Shingo: 51. Kifua: 148. Bega. Mkono. Paja...

Nikakumbuka maneno ya mjane. Chake ni chake, akipata chake anaacha. Kisha nikakumbuka tulichompelekea Jumamosi. Zamani alikuwa na njaa tu. Sasa ana futi.

"Yaya!" Gradi aliniita kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa anavaa shati la kwaya, nililomshonea mwenyewe Pasaka, la kumbana vizuri kooni. "Yaya, nani alibadilisha kola ya hii shati? Nimefunga kifungo mpaka juu na vidole vyangu nne bado vinaingia."

Niliweka chai chini. Mkono wangu mwenyewe ukaanza kupanda kuelekea shingoni, pale ambapo futi ile ilikaa kwa wiki mbili baada ya kumpima maiti.

Nikaurudisha kabla haujafika.